Kabla Hujatia Saini, Uliza Nani Atalipa

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wazee wetu na watoto wanaowapeleka hospitalini hapa Marekani. Waliokuwa zamu siku hiyo wameniomba maneno yote, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyatamka.

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi mliowasindikiza, habari za mchana. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za karatasi.

Mnanijua kwa kazi yangu. Mimi ni mkalimani wa hospitali. Nasimama pembeni ya kitanda, daktari upande huu, mgonjwa upande ule, na maneno yao wote yanapita kwangu. Mkiniuliza ni sentensi gani nimeitafsiri mara nyingi kuliko zote, nitawaambia haikutoka kwa daktari. Ni ile ya dirishani, pale mapokezi: "Tia saini hapa. Na hapa. Na hapa."

Nani hapa hajawahi kuambiwa hivyo? Na kati yetu, nani aliwahi kujibu, "Ngoja kwanza, nisome"?

Naona mikono mitatu. Ukumbi mzima, mikono mitatu. Siwalaumu. Tumelelewa kwamba mwenye koti jeupe hahojiwi, na kwamba mgeni hamchoshi mwenyeji kwa maswali. Ukiwa na maumivu, umefunga tangu usiku kwa ajili ya kipimo, foleni iko nyuma yako, na dada wa mapokezi keshakunyooshea kalamu, mkono unakwenda wenyewe. Lakini katika zile karatasi tano au sita ipo moja isiyofanana na nyingine. Moja inasema umekubali kutibiwa. Moja inasema umeelezwa jinsi siri zako zitakavyotunzwa. Hii ninayoizungumzia inakuuliza habari ya pesa, na saini yako ndiyo jibu. Swali lake ni hili: bima ikikataa, nani atalipa?

Lishikeni hilo. Nani atalipa?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtafsiria mama mmoja mtu mzima, nami nabadilisha mambo madogo ili asitambulike. Alikuwa na kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee. Daktari alitaka apimwe tena uimara wa mifupa, kwa sababu dawa aliyokuwa akimeza ilihitaji kufuatiliwa. Kwa kawaida Medicare hulipia kipimo hicho mara moja kila miezi 24, na yeye alikuwa hajafikisha. Mapokezi wakamletea karatasi ya ukurasa mmoja. Wakaniambia nimweleze. Nikaiangalia juu juu, nikamwambia, "Mama, wanasema bima haitalipa."

Akauliza ni shilingi ngapi. Alisema shilingi, baada ya miaka yote ile hapa. Nikamsomea kiasi cha dola kilichoandikwa. Akanyamaza, akafunga mkoba wake taratibu, akasema, "Basi mwanangu, tutakuja siku nyingine." Akaweka alama kwenye kisanduku cha mwisho, akatia saini, akaondoka.

Siku chache baadaye mkalimani mwenzangu, aliyenitangulia kazini, alikaa nami akanisomesha karatasi ile mstari kwa mstari. Wazee wangu, haikusema "haitalipa." Ilisema "huenda isilipe." Na kipimo kile, daktari akionyesha kwamba kinahitajika kitabibu, Medicare inaweza kukilipia hata kabla ya miezi 24. Kiswahili kina neno "huenda." Nilikuwa nalo mdomoni, sikulitumia, na yule mama akarudi nyumbani bila kipimo. Sikupata kujua kingeonyesha nini.

Ndiyo maana karatasi hii naijua kuliko ninavyojua karatasi nyingine yoyote.

Wenyewe huiita kwa herufi tatu, ABN. Pembeni chini ina namba CMS-R-131. Hupewa mtu mwenye Medicare ya serikali yenyewe, ile ya kadi nyekundu, nyeupe na bluu, pale daktari au maabara wanapoona kwamba huduma ambayo kwa kawaida hulipiwa, safari hii huenda isilipiwe. Juu kuna jina la kliniki na jina lako. Chini yake kuna jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza: huduma gani. Ya pili: kwa nini wanadhani Medicare huenda isilipe. Ya tatu: itagharimu kiasi gani. Safu hizo zikiwa tupu, usitie saini. Nasema tena, zikiwa tupu, usitie saini. Ni wajibu wao kuzijaza kabla hujaishika kalamu, pamoja na sababu unayoweza kuielewa na makadirio ya kweli ya gharama.

Kisha vinakuja visanduku vitatu, na hapa ndipo napenda tukae kidogo.

Kisanduku cha 1 kinasema: nataka huduma hii, mnaweza kunidai malipo sasa, lakini pelekeni dai Medicare nipate uamuzi rasmi. Medicare ikilipa, unarudishiwa ulichotoa, ukiondoa ile sehemu ambayo ingekuwa yako siku zote. Ikikataa, unalipa, ila una haki ya kukata rufaa.

Kisanduku cha 2 kinasema: nataka huduma hii, msipeleke dai lolote, nitalipa mwenyewe. Ukichagua hiki, hakuna rufaa. Utakata rufaa dhidi ya uamuzi gani, na Medicare haijaulizwa?

Kisanduku cha 3 kinasema: sitaki huduma hii. Hudaiwi chochote, na hupimwi.

Mmesikia tofauti? Yule mama wa mwaka wangu wa kwanza alijua visanduku viwili tu, kulipa au kuondoka. Nilimficha cha 1 bila kukusudia. Kwa maoni yangu, ikiwa daktari wako anaona unakihitaji kipimo na wewe unakitaka, kisanduku cha 1 ndicho kinachokuachia mlango wazi. Lakini uamuzi ni wako. Ni wako kweli, kwa maana kliniki hairuhusiwi kukuchagulia. Ukiletewa karatasi ambayo kisanduku kimeshawekwa alama, omba nyingine. Na ukishachagua, dai nakala yako, uondoke nayo.

Kuna jambo wengi hawalijui. Kliniki ikitakiwa kukupa karatasi hii isikupe, Medicare ikakataa kulipa, kwa kawaida mzigo unabaki kwa kliniki. Sasa mnaelewa kwa nini dirishani kuna haraka? Saini yako inautoa mzigo begani kwao inauweka begani kwako. Sisemi ni watu wabaya. Wengi wao wanafuata sheria, na sheria yenyewe inasema upewe muda wa kutosha kufikiri, usipewe karatasi ukiwa katikati ya dharura, na wasimpe kila mgonjwa kama peremende. Lazima pawe na sababu maalumu kwa huduma hii, kwako wewe.

Na msiseme, "Kama hawajanipa karatasi, basi ni bure." Hapana. Vipo vitu ambavyo Medicare ya serikali hailipii kabisa tangu mwanzo, kama miwani ya kawaida, vifaa vya kusikia na sehemu kubwa ya matibabu ya meno. Kwa hivyo hawalazimiki kukupa ABN. Uliza tu, ile ile: nani atalipa?

Wenye Medicare inayopitia kampuni binafsi, ile Medicare Advantage, ABN si yenu. Ninyi mnayo haki ya kuiuliza kampuni mapema, kwa maandishi, kama itailipia huduma fulani, na ikikataa mnaweza kupinga kabla hata hamjatibiwa. Msikubali kusainishwa ABN ya watu wengine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na linatokana na neno letu wenyewe. Mtu akienda hospitali akapewa kitanda akalala, sisi tunasemaje? Amelazwa. Tunapiga simu nyumbani: "Mzee amelazwa, tuombeeni." Kwetu kitanda ni kitanda.

Kwa Medicare, kitanda na kulazwa ni vitu viwili.

Baba wa rafiki yangu alianguka bafuni. Alikaa hospitali siku tatu, usiku tatu. Alivishwa gauni lile la kufungwa mgongoni, akafungwa utepe wa jina mkononi, akaletewa uji na supu kitandani, madaktari wakapita asubuhi na jioni. Watu wote tulikwenda kumwona. Kisha akahamishiwa kituo cha uuguzi afanyishwe mazoezi mpaka aweze kutembea. Alipotoka, ikaja bili ya kituo, maelfu ya dola. Medicare imekataa. Kwa nini? Kwa sababu ili ilipie kituo cha uuguzi, Medicare ya serikali inataka mtu awe amelazwa rasmi hospitalini siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka. Na mzee wetu, kwa siku zote zile, hakuwa amelazwa. Aliandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi, yaani ni mgonjwa wa nje ambaye bado anaangaliwa. Kitanda kile kile, supu ile ile, bili nyingine kabisa.

Tulipopekua makaratasi yake tulikuta notisi ya kumwambia mgonjwa kwamba yuko chini ya uangalizi, hajalazwa. Ilikuwa imekunjwa pamoja na risiti ya maegesho ya gari, na chini yake ilikuwa saini ya mtoto wake, ya usiku wa pili. Inaitwa MOON. Bunge la Marekani liliipitishia sheria mwaka 2015, na hospitali zimekuwa zikiitoa tangu 2017. Mtu akipita saa 24 chini ya uangalizi, lazima apewe kabla ya saa 36 kwisha, na lazima aelezwe kwa mdomo pia. Kijana alisaini akidhani ni ruhusa ya baba yake kupewa dawa.

Saini ya MOON haikufungi kulipa. Inathibitisha tu kwamba umeipokea na umeelezwa. Lakini siku unapoipata, iwe kama kengele. Muulize daktari hapo hapo, kesho yake muulize tena: "Baba amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi? Na kama ni uangalizi, kwa nini?" Mwombe daktari wake wa kila siku naye apige simu. Hadhi hiyo hubadilika wakati mgonjwa bado yumo wodini. Akishatoka, kuibadilisha ni kazi ngumu mno. Tangu 2025 kuna njia ya rufaa kwa baadhi ya waliolazwa rasmi kisha hospitali ikawashusha kuwa wa uangalizi, lakini aliyekuwa wa uangalizi tangu mlangoni, kama mzee wetu, hapati nafasi hiyo.

Vijana, ninyi wenye bima ya kazini msikae mkidhani haya ni ya wazee. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 kuna sheria inayowalinda na bili za kushtukiza. Ukipelekwa dharura katika hospitali isiyo na mkataba na bima yako, hawawezi kukutoza zaidi ya ile sehemu ambayo ungelipa kwenye hospitali yenye mkataba. Ukifanyiwa upasuaji katika hospitali yenye mkataba, na mtaalamu wa ganzi akawa hana mkataba, naye hawezi kukutumia bili ya peke yake. Ulinzi mzuri sana. Ila unaweza kuutoa kwa saini yako. Daktari asiye na mkataba, kwa huduma za kupangwa, anaweza kukuletea notisi inayosema unakubali kulipa bei yake kamili. Kama miadi imepangwa mapema, lazima uipate angalau saa 72 kabla. Kama imepangwa siku ile ile, angalau saa tatu kabla. Ukiletewa umeshavaa gauni la upasuaji, imechelewa. Tena wataalamu wa ganzi, wa eksirei na wa maabara hawaruhusiwi kabisa kukuomba saini hiyo. Hulazimiki kuikubali. Mwambie utatafuta daktari mwingine mwenye mkataba.

Gari la wagonjwa la barabarani halimo katika sheria hii. Nalitaja kwa sababu naulizwa kila mara.

Na usiye na bima je? Una haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma iliyopangwa. Yatunze. Bili ikija imezidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kuipinga rasmi, mradi uanze ndani ya siku 120 tangu bili ya kwanza.

Sasa lugha. Mwezi uliopita niliitwa wodini nikachelewa kidogo. Nilipofika nilimkuta binti mdogo, wa darasa la tano, ameshika notisi ya bibi yake kwa mikono miwili. Anasoma Kiingereza vizuri kuliko wengi wetu humu. Alikuwa anahangaika na neno linalomaanisha bima haitalipia. Akamtazama bibi, akasema, "Bibi, wanasema hawatakutibu." Nilimwona bibi akishusha macho.

Mtoto yule hakukosea. Tuliokosea ni sisi tuliompa mzigo ule. Sheria ya afya ya 2010 na kanuni zake zinataka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali zikupe mkalimani aliyehitimu, bure, na zinakataza kumtumia mtoto mdogo kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura ya kweli wakati mkalimani hajapatikana. Bure, wazee wangu. Haikatwi kwenye bima yako, hailetwi kwenye bili. Kama hujui Kiingereza hata kidogo, sema "Swahili" tu, watapiga simu na mmoja wetu ataitika. Fomu yenyewe ya ABN serikali huichapisha kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo usitegemee kuletewa ya Kiswahili. Tegemea kusomewa. Na akisomewa mtu, asomewe yote, pamoja na visanduku vyote vitatu. Mkalimani akiruka mstari, mwambie arudi. Ningeambiwa mimi mwaka ule, ningeshukuru.

Lakini jueni pia mpaka wetu. Mkalimani hatakwambia uchague kipi. Haruhusiwi. Ushauri upo kwingine: kila jimbo lina mpango wa washauri wa Medicare, SHIP, wasiouza bima na wasiotoza hata senti. Na 1-800-MEDICARE nao wana wakalimani.

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni, "Na mimi niliyekwisha saini, je? Maji yakimwagika si hayazoleki?" Baba, haya yanazoleka kwa kiasi. Medicare itakutumia taarifa ya yale iliyolipa na iliyokataa. Imeandikwa kwamba hiyo si bili, lakini usiitupe kwa sababu hiyo. Ukurasa wa mwisho unaeleza namna ya kukata rufaa, na una siku 120 tangu uipate. Neno rufaa hapo lina maana ya kupinga uamuzi. Nasema hivyo kwa sababu sisi rufaa ni neno tunalotumia pia daktari anapokutuma kwa bingwa, na nimeona watu wakikaa kusubiri wapangiwe miadi huku siku zao zinakwisha. Ambatanisha barua ya daktari inayoeleza kwa nini ulihitaji huduma ile. Na kama bili ni ya hospitali isiyo ya faida, sheria inaitaka iwe na mpango ulioandikwa wa kuwasaidia wasiomudu. Ombeni fomu yake. Msione haya, na msilipe kwa kadi ya mkopo kabla hamjaiomba.

Nimekuja na nakala tupu za ABN, ziko mezani pale nyuma karibu na birika la chai. Chukueni mbili mbili, moja ya kujizoeza na moja ya kupeleka nyumbani. Tutajaza pamoja, tusome safu zote tatu, kila mtu achague kisanduku aeleze kwa nini. Mama uliyekaa karibu na dirisha, uliniambia una barua mkobani hujaifungua tangu Jumatatu. Kama huoni vibaya, ilete, tuanze na hiyo.